Mkishindwa, mnampigia nani? Kisa cha kumtafutia Mwalimu mtu wa ustawi katika mji mdogo

Ujumbe ulinifikia saa tano usiku, unatoka Minneapolis, Marekani, kwa dada mmoja. "Shikamoo kaka. Samahani kwa kukusumbua usiku. Namba yako nimepewa na mdogo wangu. Naomba umtafutie dada yetu LICSW hapo mjini, gharama zote juu yangu." Niliusoma mara mbili. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Mezani kwangu hupita mirathi, matunzo ya watoto na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Herufi zile tano sikuwahi kuziona kwenye faili hata moja.

Kesho yake alinifafanulia. Katika jimbo la Minnesota, anakoishi, herufi hizo ni leseni ya mtu wa ustawi wa jamii wa kliniki. Mwenye nazo amesoma shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, amefanya kazi saa 4,000 chini ya uangalizi wa aliyemtangulia, na amefaulu mtihani. Baada ya hapo anaruhusiwa kufungua ofisi yake mwenyewe, kusema huyu ana sonona na yule hana, na kuidai bima malipo. Dada huyu wa Minneapolis mwenyewe alisaidiwa na mmoja wao alipojifungua mtoto wa pili na kukaa miezi mitatu akilia bila kujua analilia nini. "Hakunisikiliza tu, kaka. Aliongea na kazini kwangu, akanitafutia na pa kumweka mtoto." Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa na maana kuliko leseni, lakini siku ile sikuyasikia vizuri. Nilisikia herufi.

Kwetu Tanzania cheo hicho hakimo. Muundo wa utumishi unamjua Msaidizi Ustawi wa Jamii, na unamjua Afisa Ustawi wa Jamii wa daraja la pili, la kwanza, mwandamizi na mkuu. Neno kliniki halipo hapo. Wapo watu wanaoifanya kazi ile, ila hawajaandikwa mlangoni.

Mji sitautaja. Uko Nyanda za Juu Kusini, una baridi, una mbao na chai, na ukubwa wake ni ule ambao mtu akishuka stendi na begi, kabla hajafika kwao mama yake ameshajua. Mengine nimeyabadilisha, na mwenye kisa ameyasoma haya kabla yenu. Nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo mtaa mzima unavyomwita.

Ana miaka 41 na anafundisha darasa la tatu. Mume wake alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Mwezi wa tatu Fuso alilopanda na mzigo lilifeli breki kwenye mteremko wa Kitonga. Hakupona. Aliacha watoto wawili, nyumba ya vyumba vitatu, na shamba la miti ekari tatu, misonobari iliyobakiza miaka michache ivunwe. Matanga yaliisha, mama mkwe hakuondoka. Siku ya arobaini nguo za marehemu ziligawiwa bila mke kuulizwa. Shemeji mkubwa akaanza kwenda shambani kupima miti.

Mwalimu aliacha kulala. Alikuwa anashtuka saa nane usiku na kukaa kitandani hadi adhana ya msikiti wa jirani, ingawa yeye ni Mlutheri. Madaftari yakarundikana bila kusahihishwa. Kisha siku moja hakwenda shule, na ya pili, na ya tisa. Mtumishi wa umma asiyeonekana kazini siku tano mfululizo bila ruhusa ameshaingia kwenye kosa la kinidhamu, na kwa mwalimu njia hiyo inaishia Tume ya Utumishi wa Walimu. Mwalimu mkuu, kwa huruma kabisa, aliandika barua moja tu: jieleze ndani ya siku kumi na nne. Barua ilikaa juu ya kabati haijafunguliwa hadi mdogo wake wa kiume alipoiona, akampigia dada yao wa Marekani.

Hapo ndipo mimi nilipoingia, na hatua yangu ya kwanza ilikuwa mbaya.

Niliandika barua kwa ofisi ya ustawi ya halmashauri. Sentensi ya kwanza: ni mjane. Ya pili: ana msongo wa mawazo. Ya tatu: kuna kutoelewana na upande wa wakwe. Sentensi ya tatu ndiyo iliyoharibu. Ofisi ile kila siku inapokea wanaume waliokimbia matunzo na wanandoa waliorushiana sufuria. Huku kwetu mwanamke akimwambia mwenzake "nitakupeleka ustawi", hamaanishi atampeleka akatibiwe. Anamtishia. Kwa hiyo afisa alisoma barua yangu, akaona mgogoro wa kifamilia, akafanya anachofanya kwenye mgogoro wa kifamilia: akatoa wito kwa pande zote mbili.

Wito uliletwa na mwenyekiti wa mtaa saa kumi jioni. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mahindi, majirani wawili wamekaa naye kwenye mkeka. Mwenyekiti akausoma kwa sauti kwa sababu bibi hana miwani. Mama mkwe aliweka ungo chini polepole, akafuta mikono kwenye kanga, akauliza bila kugeuka, "Mwalimu, mwanangu hata kaburi halijashuka udongo, umenipeleka ustawi?" Mwalimu hakujibu. Aliingia ndani akafunga mlango wa chumba, na kwa siku tatu hakutoka ila usiku. Usuluhishi wenyewe haukufanyika. Baadaye nikajua pia kwamba yule afisa anaimba kwaya moja na wifi yake Mwalimu. Hakuna aliyemficha mtu hilo. Ni mimi sikuuliza, na katika mji wa ukubwa huu hilo ndilo swali la kwanza.

Ningependa kusema ofisi ilikosea. Haikukosea. Ilijibu swali nililoiuliza.

Mchungaji alikuja mara mbili, akasali, akakaa. Mara ya pili alimwambia Mwalimu maneno ambayo wachungaji wengi hawasemi: "Mama, maombi tutaendelea nayo, lakini wewe nenda na hospitali." Nampa heshima yake.

Tukaenda hospitali. Kliniki ya afya ya akili ina siku zake, na siku hizo benchi lake linakaa kwenye ukumbi ambao anayekwenda maabara lazima apite. Mwalimu alifika, akaona mzazi wa mwanafunzi wake amekaa hatua nne kutoka pale na kikopo cha mkojo mkononi, akageuza. Alisema amesahau kadi ya bima. Kadi ilikuwa kwenye pochi.

Lazima msomaji wa nje ya Tanzania aelewe jambo moja. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, ilianza mwaka 1927, na tangu hapo jina lake limekuwa tusi. Mtoto akiropoka darasani wenzake humwambia "wewe wa Mirembe". Kutoka Nyanda za Juu, gari linalopita njia ya Mtera kwenda Dodoma lina utani wake stendi: "Konda, hili linashusha Mirembe?" Mwalimu mwenyewe alishawahi kucheka utani huo. Sasa alitakiwa akae kwenye benchi ambalo kwa mawazo yake lilikuwa ni kituo cha kwanza cha gari lile.

Dada wa Minneapolis, akiwa hana subira na mabenchi yetu, alipata mshauri nasaha wa Dar es Salaam anayezungumza na watu kwa simu, sh. 80,000 kwa saa. Akalipia saa tatu. Mshauri alikuwa mzuri, nasema hivyo kwa kuwa nilizungumza naye baadaye. Tatizo lilikuwa ukuta. Chumba cha Mwalimu kinapakana na anapolala mama mkwe, dari ni la pamoja, na mazungumzo ya saa nzima yalikuwa "ndiyo", "hapana", "nashukuru, watoto wazima". Mara ya pili Mwalimu alijifungia bafuni na simu hadi mtoto mdogo akaanza kugonga mlango. Mara ya tatu mshauri mwenyewe alisema wazi: "Mimi siwezi kumwandikia mwalimu mkuu wako, wala siwezi kuja kukaa na wakwe zako. Unahitaji mtu wa huko." Saa ile ya tatu hakuichukulia fedha.

Nimerudia maneno yake mara nyingi kichwani. Tatizo la Mwalimu nusu lilikuwa kichwani na nusu lilikuwa sebuleni. Mtu wa kichwa peke yake angempa vidonge au mazungumzo, halafu Mwalimu angerudi kulala chini ya dari lile lile, na barua ya siku kumi na nne juu ya kabati. Mtu wa sebuleni peke yake tulishamwona, alileta wito. Kinachoitwa ustawi wa jamii wa kliniki, ukiondoa herufi, ni mtu mmoja anayeweza kushika nusu zote mbili bila kuziangusha. Ndicho alichokuwa ananieleza dada tangu simu ya kwanza: hakunisikiliza tu.

Nikaacha kuuliza nani ana cheo. Nilikwenda CTC, kliniki ya tiba na matunzo, kwa nesi mmoja ninayemfahamu kwa mambo ya matunzo ya watoto. Nilikwenda huko kwa sababu. Tangu dawa za kufubaza makali ya UKIMWI zianze kutolewa bure nchini mwaka 2004, na hata kabla yake kwenye vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari, fedha za ugonjwa ule ndizo zilizofundisha manesi wetu kusikiliza. Nesi wa CTC anajua kukaa na mtu aliyepewa habari mbaya saa mbili asubuhi, na anajua kutunza siri, kwa sababu siri ikitoka kesho mteja haji kuchukua dawa. Katika mji mdogo huenda hao ndio wasikilizaji bora tulio nao. Ubaya wake ni kwamba Mwalimu hawezi kuonekana anaingia mlango ule. Mjane, mume dereva wa masafa au mfanyabiashara wa barabarani, anaingia CTC: hadithi inajiandika yenyewe kabla hajatoka.

Kwa hiyo sikumwomba nesi ampokee. Nilimuuliza: "Nyie mkishindwa na mtu, mnampigia nani?"

Hakufikiri hata kidogo. "Akiwa ni wa vidonge, daktari. Akiwa nyumbani ndiko kunakomuumiza, tunampigia dada mmoja wa hospitali ya misheni," akataja wilaya ya jirani. "Yule yuko dirisha la misamaha. Lakini usimdharau."

Dirisha la misamaha. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, ilibidi awepo mtu wa kusema nani hana uwezo kweli, na kazi hiyo ikaangukia ustawi wa jamii. Tangu hapo, katika hospitali nyingi, ukimuuliza mgonjwa mtu wa ustawi anafanya nini, atakuambia anasaini msamaha. Msomi aliyefundishwa kukaa na familia iliyovunjika anashinda anauliza bibi kizee ana kuku wangapi. Ameketi pale siku zote, hatua tatu kutoka kwa keshia, na hakuna anayejua kuwa anaweza kuulizwa jambo jingine. Nami ni mmoja wao. Nimepeleka watu dirisha lile kwa miaka sita, kila mara kwa ajili ya bili.

Yule dada, nimwite Mama Ustawi kama wagonjwa wake wanavyomwita ingawa ni binti wa miaka 31, alisoma shahada yake Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mafunzo kwa vitendo alipangiwa Mirembe. "Nililia nilipoona jina langu kwenye ubao," aliniambia kwa simu. "Nikakaa wiki kumi, nikatoka sitaki kazi nyingine." Nilimuuliza kama anamfahamu yeyote katika ukoo wa marehemu. Akataka majina, akafikiri, akasema hapana. Nikamuuliza tena kwa upande wa kanisa. Akacheka, "Mimi Mkatoliki, na kwetu Kagera. Hamnipati."

Kilomita 64, Coaster, nauli elfu kumi kwenda na kurudi. Nilidhani umbali ungekuwa kikwazo. Ukawa ndio mlango. Kule hakuna mzazi wa mwanafunzi mwenye kikopo mkononi. Mama mkwe aliambiwa Mwalimu anafuatilia mafao ya marehemu, na uongo huo sikuusahihisha.

Yaliyopita chumbani ninayajua kwa kuwa Mwalimu alinisimulia na kuniruhusu. Ofisi ni ndogo, ina makabati ya mafaili na kalenda ya jimbo. Kitu cha kwanza Mama Ustawi alichofanya ni kutoa kiti chake nyuma ya meza na kukiweka pembeni, si mbele ya Mwalimu bali ubavuni kidogo, ili anayeongea aweze kutazama dirishani. Akageuza simu kifudifudi. Akamweleza atakachokitunza na kile ambacho hawezi kukitunza: ukiniambia unataka kujidhuru au mtoto yuko hatarini, hapo nitaongea na mtu, na nitakuambia wewe kwanza. Ndipo akauliza, "Usiku unaamka saa ngapi?"

Waliongea kuhusu saa nane usiku kwa nusu saa nzima. Katikati ya hapo Mwalimu alisema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Siku nguo zilipogawiwa, kandambili za mumewe, za bluu, moja imefungwa waya, zilibaki nyuma ya mlango wa bafu kwa sababu hakuna aliyezitaka. Kila akiamka saa nane anakwenda kuhakikisha zipo. Aliogopa kulisema hilo kwa kuwa lingefanana na wazimu. Mama Ustawi aliuliza tu, "Upande uliofungwa waya ni wa kulia au wa kushoto?" Mwalimu anasema alilia hapo, kilio cha kwanza tangu Kitonga.

Kisha likaja karatasi la maswali tisa, PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili: katika wiki mbili zilizopita ni mara ngapi umesumbuliwa na hiki na hiki, sifuri hadi tatu kila swali, jumla isizidi 27. Mwalimu alipata 17. Kwa kipimo hicho kuanzia 15 mtu ameshavuka pale pa kuambiwa apumzike, lazima daktari amwone. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa. Aliweka moja, kwa kalamu isiyogusa karatasi sawasawa.

Hapa niseme kama mtu wa sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na watu wanakijua zaidi ya wanavyojua sheria nyingine yoyote. Kinaziba midomo. Mwalimu alidhani akijibu ukweli ataitiwa polisi. Mama Ustawi alimwambia kwamba kuwa na wazo si kosa, na swali lile ni la matibabu. Baada ya hapo hakuzunguka: "Nyumbani kuna kitu gani unachokifikiria?" Ilikuwa dawa ya kuhifadhia mahindi, iko stoo. Jioni ile ile, kabla Coaster haijarudi mjini, mdogo wake alikuwa ameshaitoa yote na kuipeleka kwa rafiki yake wa mtaa mwingine. Daktari wa hospitali ile alimpa vidonge vya wiki mbili tu, na vikakaa kwa mdogo wake, anapewa cha siku. Sijui ni watu wangapi wamepona kwa sababu ya karamu ya maneno mazuri. Ninajua kwamba stoo ilikuwa tupu.

Barua ya kwenda shuleni ilitoka hospitalini wiki hiyo. Ilikuwa na aya moja: mtumishi huyu yuko chini ya matibabu hospitalini hapa tangu tarehe fulani, amepewa mapumziko ya siku kumi na nne kwa mujibu wa ED (karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazini) iliyoambatanishwa, na atahudhuria kliniki kila Alhamisi kwa wiki nane. Hakuna neno sonona, hakuna neno akili. Niliuliza kwa nini asieleze zaidi ili mwalimu mkuu aelewe. "Barua ya shule inasomwa na karani, inafungwa faili na mwingine, inapelekwa halmashauri na wa tatu," akanijibu. "Andika kile kinachomlinda, halafu uache kalamu hapo hapo." Mwalimu mkuu aliipokea, akaisoma, akashusha pumzi. Alikuwa anatafuta karatasi ya kumtetea nayo muda wote.

Ilibaki sebule. Mimi nilitaka kwenda mahakama ya mwanzo mara moja. Mama Ustawi alishauri tuanze na watoto, na aliponieleza niliona aibu kwamba si mimi niliyeliwaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 10, inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto kufaidi ipasavyo mali ya mzazi wake. Kifungu cha 94 kinaitwisha halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa mtoto. Mkubwa, miaka 11, alikuwa ameanza kupigana shuleni. Mdogo, miaka 7, alianza tena kukojoa kitandani. Basi nilirudi kwenye ofisi ile ile ya halmashauri, kwa afisa yule yule wa kwaya, na barua nyingine. Safari hii sikuandika kutoelewana. Niliandika: watoto wawili, mali ya marehemu baba yao inapimwa ili iuzwe, kabla msimamizi wa mirathi hajateuliwa. Nikaongeza kwa mdomo kuhusu wifi na kwaya. Afisa alinyamaza, akaita mwenzake, akamkabidhi faili. Yule mwenzake alifanya kazi safi. Alikwenda nyumbani bila wito, asubuhi, akasalimia mama mkwe kwa magoti, akaomba kuona watoto wanapolala. Akakaa naye jikoni. Mama mkwe, ambaye katika habari hii nimemfanya aonekane mgumu, alimwambia kwamba haondoki pale kwa sababu akirudi kijijini atakuta kitanda cha mwanae alipolala mara ya mwisho. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Shemeji na utepe wake wa kupimia ni habari tofauti. Kikao cha ukoo kilimtaka yeye awe msimamizi, muhtasari ukaandikwa hivyo, na Mwalimu amepinga. Shauri liko mahakamani hadi leo.

Wakati huo wote dada wa Minneapolis alikuwa ananiuliza namba ya leseni. Mwanzoni nilichukia. Nikamwambia dada, hapa mtu anajulikana kwa kazi yake. Alinijibu kwa upole, "Kaka, kule kwetu hata matapeli wanajulikana kwa kazi yao." Ana hoja. Leseni ya Minnesota si pambo: ukitendewa vibaya unajua bodi ya kulalamikia. Huku kwetu mtu anaweza kubandika bango la ushauri nasaha kwenye fremu ya duka baada ya semina ya siku tano. Basi nilimuuliza Mama Ustawi maswali ambayo dada alinipa. Umesomea wapi, tulishajua. Ukizidiwa unampeleka wapi: daktari aliye mlango wa tatu. Na wewe, nani anakuangalia? Nilitegemea akasirike. Alisema kuna mwalimu wake wa Kijitonyama aliyestaafu, kila mwisho wa mwezi anampigia na kumweleza visa vyake bila majina, na siku nyingine mzee humwambia hapa umekosea. Dada alipolisikia hilo hakuuliza tena namba. Anatuma nauli tu.

Alhamisi ya sita Mwalimu alirudi na karatasi la maswali tisa: 8. Darasani amerudi, kwa vipindi vya asubuhi. Analala hadi saa kumi. Kandambili zimehamia chini ya kitanda chake, jambo ambalo Mama Ustawi alisema halina haja ya kubadilishwa.

Alhamisi ya saba haikuwapo. Mama Ustawi aliomba ajira serikalini miaka miwili iliyopita, kama wenzake wengi wa hospitali za misheni wanavyofanya, na jina lake limetoka kwenye tangazo la kuitwa kazini. Halmashauri moja huko Katavi, aripoti ndani ya siku kumi na nne. Alimpigia Mwalimu yeye mwenyewe kumuaga, wakaongea dakika arobaini, Mwalimu akiwa ametembea hadi shambani kwenye misonobari ili awe peke yake. Amemwachia namba ya mtu aliyesoma naye, yuko hospitali nyingine, safari ya saa tatu kwa basi.

Ni mwanaume. Mwalimu ameihifadhi namba kwenye simu kwa jina la fundi cherehani, na hajaipiga. Anasema anafikiria.